Modem Haina Mdomo

Jumanne, 1 Machi 2005

Na bado hakukasirika! Hilo ndilo nililotaka kuandika jana kabla kalamu haijaniishia wino. Mwanamume mwingine angeipiga teke ile kompyuta iliyokataa kuingia kwenye mtandao. Muindi wangu alikaa tu mbele yake, mikono magotini, akiitazama kama mtu anayesubiri mtoto mkaidi amalize kulia. Halafu akasema, "Kesho nitamuuliza Matheka." Basi. Akaja mezani, akala, akasifu mchicha. Mchicha!

Leo ni siku ya ishirini na nne tangu tufunge ndoa. Nazihesabu, ndiyo. Nikifika mia nitaanza upya.

Matheka ni karani mwenzake pale mahakamani Makadara. Ndiye aliyetunakilia CD za Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, maana kompyuta aliyozawadiwa Muindi na watu wa ofisini siku ya harusi ilikuja tupu kama debe. Jioni walifika pamoja. Matheka akaifungua kwa bisibisi, akachomoa kadi ya modem, ile inayoupigia mtandao simu, akaigeuzageuza chini ya taa — akacheka mpaka nikaona aibu kwa niaba ya kadi.

"Bro, hii si modem. Ni nusu modem. Imezoea Windows iifikirie kila kitu. Kwa Linux itakukodolea macho tu."

"Kwa hivyo?"

"Tafuta ya nje. Ile ya taa taa. Hiyo ina akili yake."

Kisha akanigeukia. "Shemeji, si mwende tu cyber mkalipie dakika kama watu wengine?"

Mimi nikamwongezea Matheka chai. Yeye hajui habari ya ahadi.

Jumatano, 2 Machi

Nimeamka na hiyo ahadi kichwani. Acha niiweke hapa yote, niione ni kubwa kiasi gani.

Siku ya ntheo, ile ya kuposa, mwaka jana, watu wa kina Muindi walipoleta mbuzi watatu nyumbani kwetu Tala, baba yake mdogo, mzee Wathome, ndiye aliyesema kwa niaba yake. Muindi mwenyewe alikuwa nje ya ua na wenzake. Kwetu Ukambani mkwe haketi mbele ya mama mzazi wa mke wake. Hali naye. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Ndiyo heshima, tunaiita nthoni. Hata siku ya harusi Mama alikaa upande huu wa hema, Muindi upande ule, na mimi katikati nikigeuza shingo kama kuku.

Basi mzee Wathome akauliza, mama wa msichana ana neno? Mama hakutaja blanketi, hakutaja tangi la maji. Alisema ana neno moja tu: Kilonzo. Ndugu yangu Kilonzo anaendesha malori huko Uarabuni, na sauti yake ilikuwa imeanza kupotea. Ataandika barua pepe leo, anyamaze miezi miwili. Mama akasema, "Mimi nataka kusikia kutoka kwa mwanangu. Mengine fanyeni mnavyotaka."

Na mzee Wathome — yule mzee ana mdomo kama mto Athi — akasimama na fimbo yake. "Mama, mwana wetu hawezi kusimama mbele yako. Lakini ndani ya nyumba yake kutakuwa na mashine. Barua za Kilonzo zitaingilia humo, naye atazituma kwako kwa mkono wa mkewe." Wamama wakapiga vigelegele! Muindi, huko nje, alisikia. Hakuwa na mashine. Hakuwa hata na nyumba.

Barua ya mwisho ya Kilonzo ilikuwa ya Novemba.

Mimi nilishamwambia Muindi twende cyber, nani atajua? Akanishika kidole, hiki chenye pete. "Mwelu, niliahidiwa nikiwa nje, nisiweze hata kukohoa. Nataka nitimize nikiwa ndani ya nyumba yangu."

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Jumamosi, 5 Machi

Tumeipata! Tulizunguka barabara ya Luthuli mjini duka kwa duka, mimi nimemshika mkono hadharani bila haya, mpaka mzee mmoja akatutolea chini ya kaunta. Kasha jeusi, dogo kama Biblia ya mfukoni, na taa nyekundu sita mbele. Lina waya mnene wa kuingia nyuma ya kompyuta na tundu la simu. Na lina spika ndani! Ukiliwasha linafanya "tik".

Laini ya simu ni ya Mama Kawsar, mwenye nyumba wetu. Sisi tuna vyumba viwili nyuma, yeye na familia wako mbele. Jina lake ni Batulo lakini hapa mtaani hakuna anayelitumia. Mumewe, mzee Nuh, anauza nguo kwa jumla Eastleigh, na simu yake ikianza kulia asubuhi hainyamazi. Nilienda kumwomba nikiwa nimejifunga leso vizuri, sauti ya chini.

"Mnataka waya upite dirishani kwangu uje kwenu?"

"Ndiyo, Mama Kawsar."

"Ili mashine iongee na simu?"

"Ndiyo."

"Na nyinyi wawili hamjamaliza kuongea?" Akacheka mpaka bangili zikalia. Halafu akatoa sheria: tukishaswali alfajiri mpaka saa moja, laini ni yenu. Saa moja ni ya mzee. Jioni kabla ya Magharibi, dakika tano, ukiniuliza kwanza.

Jioni Muindi akaunganisha. Pengwini, alama ya Linux, akatokea kwenye skrini, maandishi yakateremka kama mvua ya mawe. Akaandika amri ya kupiga simu. Mashine ikajibu: huruhusiwi. Akajaribu tena. Huruhusiwi!

"Nyumba yangu," akasema taratibu, "meza yangu, mke wangu, mashine yangu."

Kumbe kwa Linux lazima uingizwe kwanza kwenye kundi la wanaoruhusiwa kupiga simu. Mpaka uwe umo, huongei na modem, hata kama wewe ndiye uliyeinunua. Nilimwambia mashine hii ni Mkamba. Ina nthoni zake! Alicheka akaegemeza kichwa hapa begani. Bado nanusa sabuni yake.

Jumanne, 8 Machi

Siku tatu, kila alfajiri, maneno yale yale: NO DIALTONE. Modem inasema haisikii mlio wa laini. Sisi tunausikia! Tunatoa waya, tunatia simu ya Mama Kawsar — si ile ya mfukoni, ile ya mezani ambayo anaikokota na waya wake wote — na mlio uko, mzito, uuuu. Tunarudisha modem: hakuna mlio.

Muindi ameenda kazini bila kumaliza chai. Amerudi kutoka langoni kuja kuniaga vizuri. Nikaosha kikombe chake mwisho.

Jumatano, 9 Machi

Imepiga! Imepiga! Imepiga!

Matheka alimwambia Muindi kuwa modem hizi zilitengenezwa kwa milio ya nchi nyingine, hazitambui wa kwetu. Dawa ni neno moja fupi, X3, ndani ya faili ya mipangilio. Maana yake: usingoje mlio, piga tu. Na akasema, kwanza jaribuni nambari yoyote ile mnayoijua, msikie kama inaita, kisha ndipo mwende kwa kampuni ya mtandao.

Mama Kawsar akatupa zile dakika tano za jioni. Muindi akaniachia kiti. "Andika wewe, una mkono wa bahati."

Nambari ninayoijua kwa moyo ni moja tu duniani. Simu ya marehemu baba, iliyoko juu ya kabati sebuleni Tala.

Muindi alipoona msimbo wa Tala kwenye skrini akarudi nyuma hatua mbili, kweli kabisa, akagonga kitanda. "Mwelu! Hiyo ni ya nani?"

"Tulia. Leo Jumatano. Mama yuko ushirika wa akina mama mpaka giza. Hakuna mtu nyumbani."

Nikabonyeza. Tik. Taa zikawaka. Kutoka kwenye ile spika ndogo nikasikia nambari zikipigwa haraka haraka, kimya, halafu — kriing. Kriing. Simu ya kwetu! Ikilia chumbani kwangu Makadara! Nikaiona sebule yote: kitambaa cha kushonwa, picha ya baba, kalenda ya kanisa. Iliita mara nane. Nilitokwa na machozi kidogo na Muindi akanifuta kwa pindo la shati lake.

Tukazima. Nikampikia chapati za kukunja. Siku ya thelathini na mbili.

Alhamisi, 10 Machi

Ee Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa tupige ile nambari ya kampuni ya mtandao, kadi yake iko mezani na pasiwadi yake na kila kitu. Niliamka mapema nikaenda kukinga maji kwenye mfereji wa uani. Muindi akabaki akiwasha mashine. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo hivi, mwanga mwembamba, baridi. Ndoo haijafika nusu. Mlango ukafunguka — mume wangu akatoka mbio! Vesti, taulo, miguu mitupu. Akapita mbele yangu bila kusema, akaenda akasimama nyuma ya mashuka ya Mama Kawsar kwenye kamba ya nguo.

"Muindi! Nini?"

"Mama yuko ndani."

"Mama gani?"

"Mama yako!"

"Mama yangu yuko Tala!"

"Yuko ndani ya modem."

Nikaelewa. Nikaacha mfereji wazi nikakimbia. Sisi wawili, kwa furaha ya jana na chapati, hatukubadilisha nambari! Faili ilibaki na ya Mama. Na ile programu haikati tamaa. Wakikata, inapiga tena yenyewe, bila kuulizwa. Nilipoingia ilikuwa inapiga mara ya tatu. Ikapokewa. Modem ikatoa ule mlio wake wa kumtafuta mwenzake — piiip, kimya, piiip, kimya — na katikati ya milio, sauti ya Mama, chumbani kwetu, kitanda hakijatandikwa:

"Haloo? Nuu? Nani? ... Haloo?"

Kisha sauti ikabadilika. Ikawa ndogo.

"Kilonzo? Kilonzo, ni wewe? Sema, mwanangu. Nakusikia kwa mbali. Sema tu."

Piiip.

"Usikate, Kilonzo. Niko hapa. Ninashika."

Nilisema, "Mama, ni mimi, Mwelu!" Nilipiga kelele kwenye lile kasha. Lakini modem haina mdomo. Ina sikio tu. Aliita jina la Kilonzo mara tatu, nimezihesabu, kabla sijaung'oa waya ukutani.

Muindi hakutaka kuingia mpaka nimwonyeshe waya mkononi. Mama Kawsar alikuwa ameshatoka barazani na mswaki wake. Anauliza kwa nini bwana harusi amejifunga shuka lake. Nikamweleza nusu. Akashika kifua. "Wallahi! Hata kwetu mkwe ana heshima yake. Lakini kukimbia na vesti?"

Hakuna aliyecheka sana. Maji yalikuwa yamefurika hadi langoni.

Ijumaa, 11 Machi

Mama amepiga kwa Mama Kawsar, nikaitwa. Sijamsikia na furaha hiyo tangu baba afariki. Anasema, Mwelu, Kilonzo amenitafuta! Mara tatu! Laini ya mbali ilikuwa inalia pii pii, hakuweza kusikika, lakini nilijua ni yeye, mama hakosei. Jumapili atasimama kanisani atoe shukrani. Ameshamwambia mchungaji. Ameshamwambia jirani yake, Mbinya, na Mbinya akijua, Tala yote imejua.

Nilisema, "Vizuri, Mama."

Vizuri, Mama! Ndivyo nilivyosema. Nimeshindwa kula.

Muindi alinisikiliza hadi mwisho. Hakuninyooshea kidole, ingawa nambari niliiandika mimi. Alisema tu, "Akisimama Jumapili akashukuru kwa mlio wa modem yangu, nitamtazamaje Mungu? Na Mama mwenyewe, tayari hatutazamani."

Hata kwenye huzuni ana maneno.

Jumamosi, 12 Machi

Nimemwambia.

Nilienda sebuleni kwa Mama Kawsar saa nne asubuhi, akanifungia mlango akawatoa watoto. Nikapiga. Nikasema yote bila kupumzika: mashine, X3, Jumatano, nambari, chapati. Nikasema, Mama, haikuwa Kilonzo. Ilikuwa nyumba yetu.

Nikasikia saa ya ukutani ya kwetu Tala.

Akauliza, "Na sauti yangu ilitokea wapi?"

"Chumbani, Mama."

"Alikuwapo?"

"Alikuwapo. Alikimbia."

Halafu simu ikakatwa, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mzee Wathome alipopigiwa na Muindi hakusita hata kidogo. Ameisikia sauti ya mkwewe chumbani na hajavaa? Hilo linataka mbuzi wa kuomba radhi. Tena apelekwe, asitumwe. Muindi akasema, "Ndiyo, baba." Nadhani alifurahi kupata kitu cha kufanya.

Jumapili, 13 Machi

Tumeingia kwenye mtandao.

Nambari sahihi, tumeisoma kwa sauti mara tatu, yeye tarakimu moja, mimi inayofuata. Tik. Ikapiga. Upande wa pili ukapokea kitu ambacho si mtu — mlio mrefu, kisha modem mbili zikaanza kukwaruzana, kulia, kuguguna, kama paka wawili na mabati. Halafu kimya, na neno moja: CONNECT. Taa zote sita.

Nilidhani nitaruka. Tulikaa tu, bega kwa bega. Sanduku la barua likafunguka polepole kutoka juu kwenda chini. Hakuna kitu cha Kilonzo. Nikamwandikia mistari mitano. Wa mwisho: *Mama anakuita.*

Sijui kama Mama alisimama kanisani.

Jumatatu, 14 Machi

Hakuna.

Jumanne, 15 Machi

Hakuna. Mvua imeanza. Muindi ameweka kipande cha nailoni juu ya waya pale unapopita nje. Amekifunga vizuri sana, kwa fundo kama la zawadi.

Jumatano, 16 Machi

Mama amepiga simu! Nami nilikuwa dukani, pale ninapouza vitabu na karatasi, Jogoo Road. Akapokea Mama Kawsar. Wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana wameongea nusu saa nzima, mzee Nuh amesimama pembeni akionyesha saa yake!

Nilimkuta Mama Kawsar akinisubiri langoni, habari zimemjaa hadi kwenye macho.

"Mama yako ni mtu. Tumeongea mambo ya magoti, mambo ya watoto wanaokaa mbali. Na wangu yuko mbali pia, unajua."

"Amesema nini, Mama Kawsar?"

"Ngoja, nami nifurahi kidogo." Akajifunga shela upya. "Kanisani alisimama. Akasema: nilidhani ni mwanangu aliyepiga, kumbe ni mkwe wangu aliyekuwa akinitafutia mwanangu. Akashukuru hivyo hivyo. Watu wakacheka, naye akacheka."

Nilishika nguzo ya lango.

"Na amesema hivi: ile mashine ikipata barua ya Kilonzo, impigie. Isiseme kitu. Ilie tu ule mlio wake. Atapokea, atasikia, atajua barua imefika. Hivyo hakuna aliyesema na mwenzake, na hakuna aliyekosa heshima." Akaninyooshea kidole. "Lakini kwa mkwe usiseme ni yeye aliyesema. Sema umefikiria wewe."

Nikamwambia Muindi nimefikiria mimi. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Una akili nyingi sana, mke wangu. Karibu kama za mama yako."

Kabla ya kulala ameongeza sehemu mpya kwenye faili, mbali na ile ya mtandao, ili zisichanganyike tena kamwe. Kila sehemu hupewa jina. Nilidhani ataiita "mama". Hapana. Hawezi kuiamuru mashine kwa jina hilo. Ameiita "tala". Unaandika jina la ile programu ya kupiga na jina la sehemu, wvdial tala, basi, inapiga.

Nampenda mtu huyu mpaka meno yananiuma.

Ijumaa, 18 Machi

Hakuna. Muindi amempata mbuzi kwa mtu wa Kayole, ila bado yuko huko huko, Mama Kawsar amesema uani kwake hapana. Wa kahawia, miguu myeupe.

Jumapili, 20 Machi

Hakuna. Wiki moja leo tangu tuanze kufungua. Kilonzo, uko wapi?

Nimeota modem inalia nami nimesahau jinsi ya kupokea. Muindi ananiambia barua zikichelewa si lazima yawe mabaya. Mahakamani faili huchelewa kwa sababu tu mtu alienda kunywa chai. Nimejaribu kuamini hiyo chai.

Jumanne, 22 Machi

Naandika haraka, chai inamwagikia meza na siifuti.

Saa moja kasoro dakika sita. Tik. Paka na mabati. CONNECT. Sanduku likaanza kujichora kutoka juu. Mstari. Mstari mwingine. Na kwenye mstari wa tatu, kwa herufi nzito za barua isiyosomwa: KILONZO. Upande wake, kichwa cha barua: *Kwa Mama*.

Sikupiga kelele. Nilimshika Muindi sikio, sijui kwa nini sikio. Akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe. Ile taa moja ikawa inapepesa, inapepesa. Tukangoja. Ikaja "Mama mpendwa". Likaja neno "samahani". Halafu — tak. Taa zikazimika. Kule mbele mzee Nuh ameinua simu yake. Saa moja kamili. Mtu wa sheria.

Mama mpendwa, samahani. Samahani ya nini? Ya kunyamaza? Au kuna jambo? Tumetazamana. Nikamwambia tungoje, jioni tuombe dakika tano, tusome kwanza, tujue ni habari gani, ndipo tumpigie Mama. Je, kama si nzuri?

Muindi alifikiri. Akasema, "Hakusema tupige tukishasoma. Alisema tupige ikifika. Imefika."

Kumbe alijua ni maneno ya nani. Alijua tangu siku ile!

Nikaenda kumwomba Mama Kawsar. Akamwambia mumewe kitu cha maneno matatu, na mzee Nuh, simu mkononi, akaiweka chini. Akaniinulia vidole viwili. Dakika mbili.

Muindi alikuwa ameshavaa shati, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, amefunga hata tai. Akaandika wvdial tala. Akaniachia kiti. Kisha akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akaenda kusimama pale kwenye kamba ya nguo. Leo hakuna mashuka. Mvua inanyesha. Nilimwona dirishani, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Kriing. Kriing. Ikapokewa.

Mama hakusema haloo. Hakuuliza ni nani. Nilisikia pumzi yake tu, karibu kabisa. Modem ikasema piiip. Ikanyamaza. Piiip.

"Nimesikia," akasema Mama.

Akavuta pumzi ndefu. Nilidhani atakata. Hakukata.

"Na yule aliyesimama nje," akasema, "aambiwe aingie. Huku kunanyesha, na huko kwenu bila shaka."

Mama! Modem haina mdomo, najua, nilijua hata nilipokuwa nainama karibu na lile kasha mpaka taa zikaniwakia shavuni. Nilisema hivyo hivyo. Nilisema, Mama, sijui barua inasema nini, jioni tutaisoma yote na kuipiga chapa, na lolote litakalokuwamo hutalisoma peke yako — tutakuja, mimi na yeye na mbuzi wake, yeye atasimama huko nje ya ua na mimi nitaingia nayo mkononi, kabla mwezi haujaisha, Mama, kabla mwezi haujaisha tutakuja.